Siku Moja ya Ziada

Makambako,
27 Mei 2024

Dada Eveline,

Kamwene. Natumaini barua hii inakukuta mzima pamoja na mama. Sisi hapa hatujambo, isipokuwa upepo wa Makambako ambao haujali mstaafu wala mwanafunzi. Juzi umeng'oa bati mbili za banda la kuku. Wifi yako Margareth anakusalimu, kiuno bado kinamsumbua. Mwambie mama nitakuja kumpasulia kuni nikimaliza kuvuna maharage.

Baada ya salamu,

YAH: SIKU MOJA YA ZIADA DAR ES SALAAM

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu unanijua. Simu ni ya kusalimiana na kutangaza misiba. Jambo la ukoo huandikwa, likatiwa sahihi, na nakala ikabaki kwenye faili, ili kesho mtu asije akakana maneno yake. Kwa hiyo usinipigie, sitapokea. Mpe barua yako kondakta wa basi la asubuhi, nitaichukua stendi.

Ulituaga kwamba unakwenda Dar kununua sindano za mashine yako ya kufumia na kuchagua nyuzi za masweta ya shule, kwa kuwa mara iliyopita mwenye duka wa Kariakoo alikuletea kijani ambacho si kijani cha shule. Hiyo ni kazi, na mimi mwenyewe nilikuombea safari njema. Jumanne ulimaliza shughuli zako. Jumatano ulitakiwa kuwa ndani ya basi. Badala yake, Stanley wa baba mdogo amekuja mpaka hapa kunionyesha picha ulizoweka kwenye simu yako watu wote wazione. Ya kwanza, uko kwenye pantoni, sweta umelifunga kiunoni. Ya pili, unakula aiskrimu barabarani, mtu mzima wa miaka arobaini na moja. Ya tatu, umesimama ndani ya bahari, umekunja sketi mpaka magotini, unacheka mpaka magego yanaonekana. Aliyekuwa anakupiga picha hizo ni nani, sijauliza.

Eveline, wewe ni mwanamke uliyerudi nyumbani. Sisemi ili kukuumiza. Miaka sita iliyopita ulipoachana na mumeo, mimi ndiye niliyesimama mbele ya ukoo nikasema, apewe chumba cha mbele cha nyumba ya baba pale mtaa wa Ramadhani, aweke mashine yake, amlee Ema. Wakanisikiliza kwa sababu nilisema ni mtu wa kutulia. Sasa Stanley anakitaka chumba hicho afungue duka la spea za bodaboda, na picha zako anatembea nazo mfukoni. Kikao cha ukoo ni Jumamosi tarehe 13 Julai.

Ninachotaka ni barua ya kuomba radhi, nikaisome mbele ya watu. Ukurasa mmoja unatosha. Ukiomba, nitakutetea na chumba kitabaki kwako. Usipoomba, sina cha kushika.

Usidhani nasema kwa kutojua. Mimi pia nilifika Dar, mwaka 1994, semina ya walimu wa jiografia, siku nne. Baharini nilikwenda mara moja tu, jioni, baada ya kazi, nikachota chupa moja ya maji kwa ajili ya miguu ya baba, nikageuza. Hiyo ndiyo adabu ya safari ya kikazi.

Kaka yako,
Mwl. Hezekia (mstaafu)
Nakala: Faili


Ramadhani, Njombe,
3 Juni 2024

Kaka Hezekia,

Kamwene na wewe. Barua yako nimeipata, umeibandika gundi pembe zote nne kana kwamba ndani mna mtihani wa taifa. Mama hajambo. Anakula, anasali, anagombana na jogoo. Ema ameandika kutoka bweni, amekuwa wa nne darasani, anaomba sabuni na karanga. Baridi ya mwaka huu acha tu. Sakitu, ile barafu ya alfajiri, imeunguza viazi vyote vya jirani, na asubuhi vidole vinagoma kushika uzi mpaka nivipashe kwenye jiko. Wifi Margareth mpe pole. Namfumia mkanda wa sufu wa kufunga kiunoni, utakuja na kondakta.

Haya. Umetaka ukurasa mmoja wa radhi. Sina hata mstari.

Usione nimejibu kwa kiburi tu. Nimekaa na kalamu siku tatu nikilitafuta kosa langu nikupe, maana ulisimama kwa ajili yangu na sijasahau. Kazi niliyoifuata niliimaliza. Sindano nimeleta. Kijani nimeleta, na safari hii ni kijani cha shule. Tiketi niliisogeza mbele mwenyewe, sikumpigia mtu magoti. Siku ile ilikuwa yangu, kaka. Hebu nitajie nyingine iliyowahi kuwa yangu. Ya harusi ilikuwa ya wakwe. Ya kurudi nyumbani ilikuwa ya ukoo, mlikaa mkanijadili mpaka chai ikapoa.

Stanley amekuonyesha picha tatu. Amekubania. Ngoja nikupe zilizobaki, uzitie kwenye faili.

Asubuhi nilitoka gesti nimevaa sweta. Ndiyo, cheka. Mikono ililivaa yenyewe, kama inavyofanya ya kila mtu wa huku kabla hajafungua mlango. Kona ya pili jasho limeshafika kwenye viatu. Muuza madafu akaniuliza, "Mama, umetoka Makete?" Nikamwambia, "Njombe, na sisi tuna ruhusa ya kutembea." Nikalifunga kiunoni, nikaendelea.

Nikaingia Makumbusho. Kuna fuvu la mtu wa kale mle, nikalitazama, nalo likanitazama. Mlinzi akauliza kama nimekuja na wanafunzi. Nikasema nimekuja na macho yangu. Macho hayana pazia, kaka, na yangu yamekaa miaka mingi yakihesabu vishimo vya sweta.

Nikapanda pantoni kwenda Kigamboni. Aliyenipiga picha, ambaye hukuuliza, ni mama muuza mihogo anaitwa Stella, ana watoto sita na jino bovu. Ridhika.

Halafu bahari. Wewe ulinifundisha darasa la tano, nakukumbuka na chaki yako, ukichora mwezi juu na maji chini, kupwa na kujaa. Nilipata vema. Lakini hukutuambia kwamba maji yanaondoka kweli! Nilipofika yalikuwa karibu na miguu ya watu waliokaa. Nikala mihogo, nikageuka, yamekwenda, yameacha mchanga umelowa na vikaa vidogo vinakimbia upandeupande. Nilipiga kelele. Watu wakageuka. Hivi wewe ulipochota ya baba yalikuwa yamejaa au yametoka? Na mbona hukutusimulia ile harufu?

Nimemletea mama chupa yangu. Nimeiweka kabatini karibu na ile yako ya 1994, ile yenye lakiri ya mshumaa, iliyobaki theluthi.

Mwisho, nilipanda jengo refu. Sikuwa na shida na mtu humo. Nilimwambia mlinzi ukweli, nataka kuuona mji kwa juu. Akacheka, akafungua daftari, na pale penye sababu ya kuja akaandika "Kuona". Lifti ikaninyanyua, tumbo likabaki chini. Ghorofa ya kumi na mbili nikauona mji wote, mabati yake, meli zake, na watu wadogo wanaokimbilia mambo yao. Huko juu kilitokea kitu kimoja ambacho Stanley hana picha yake. Sikuambii. Nikikuambia, utakichukua ukifanye ndicho sababu ya siku ile, ukaniokoe nacho kikaoni. Sitaki kuokolewa nacho. Nilikwenda kutazama, basi.

Wasome hivyo tarehe 13. Wakinitoa chumbani watanitoa na mashine yangu, na nitaifunga hata kwenye uchochoro mwembamba. Lakini radhi ya kutazama sitaandika.

Mdogo wako asiyejuta,
Eveline


Makambako,
14 Juni 2024

Dada Eveline,

Kamwene. Hatujambo. Mkanda umefika, Margareth anaulalia. Bati zimerudishwa.

Barua yako nimeisoma mara mbili na kuisahihisha kwa kalamu nyekundu. Kuna makosa manne ya herufi na moja la heshima.

Kuhusu swali lako la maji: kupwa na kujaa husababishwa na mvutano wa mwezi, kama nilivyofundisha. Nilichota jioni. Maji yalikuwepo. Sioni kwa nini jambo la miaka thelathini iliyopita liingizwe katika shauri hili.

Chupa ya baba iachwe palepale ilipo. Isifunguliwe, isihamishwe, wala isichanganywe na yako. Ile ni kumbukumbu ya marehemu.

Kuhusu hicho kitu cha ghorofani: kama kina faida kwako, kiandike. Mtu anayezama hachagui kamba. Stanley ameshaongea na baba mdogo Elius, na Elius ameshapima dirisha la chumba chako kwa futi kamba akisema anapima nafasi ya kaunta. Hivyo ndivyo mambo yalivyofika. Mimi nakaa hapa najaribu kukutetea, nawe unaniletea habari za kaa.

Nangoja ule ukurasa.

Mwl. Hezekia
Nakala: Faili


Ramadhani, Njombe,
21 Juni 2024

Kaka,

Kamwene. Tuko salama. Baba mdogo Elius kweli alikuja na futi kamba, nikampa chai na kumshikia upande mmoja ili asikosee vipimo.

Barua yako ya kukataza chupa isifunguliwe ilichelewa. Jumapili baada ya ibada mama alitaka kujua ladha ya bahari, akasema nimletee zote mbili na kijiko. Nikamwambia ile ya kwako ni ya zamani. Akasema, na mimi pia. Akaonja ya kwangu kwa ncha ya ulimi, akatema, akasukutua. Akaonja ya kwako. Akarudia.

Kisha akacheka peke yake mpaka kilemba kikalegea, na akaniambia nisikuandikie.

Kwa hiyo sikuandikii.

Radhi bado hakuna.

Eveline


Ramadhani, Njombe,
5 Julai 2024

Kaka Hezekia,

Kondakta anasema barua yangu ulishaichukua, tena uliisomea palepale stendi ukakaa kwenye benchi mpaka mabasi mawili yakaondoka. Wiki mbili sasa, kimya. Kikao ni Jumamosi ya wiki ijayo. Ukoo unakungoja wewe, mwenyekiti wake.

Kama umenuna, nuna kwa maandishi.

E.


Makambako,
10 Julai 2024

Mdogo wangu Eveline,

Kamwene. Kifua kimenibana tangu juma lililopita, Margareth ananichemshia majani ya mkaratusi. Sitakuja kikaoni. Hata kisingenibana nisingekuja, na sababu ni hii ninayoandika. Barua hii haina nakala.

Sikufika baharini.

Nimeliandika mara tisa, nikachana mara nane. Siku ya tatu ya ile semina tulipewa mchana mzima wa mapumziko. Walimu wenzangu wakakodi gari kwenda pwani, wakaniita, "Mwalimu wa Njombe, twende!" Nikasema nina kazi za kumalizia. Sikuwa na kazi yoyote. Niliogopa, Eveline. Nilikuwa na suruali moja nzuri, na sikujua mtu anavaa nini baharini. Niliogopa kupotea nikaonekana mshamba, mimi mwalimu. Nikajiambia kwamba aliyetumwa kwa kazi hatembei ovyo. Nikakaa bwenini nikapiga pasi shati ambalo lilikuwa limeshapigwa pasi.

Baba alikuwa ameniagiza. Unakumbuka alivyokuwa akisema, tangu ujana wake alipokuwa manamba kwenye mkonge wa Tanga, kwamba maji ya bahari yanaponya miguu? Siku ya kuondoka nilichukua chumvi kwenye meza ya kulia chakula, nikajaza chupa kwenye bomba la bwenini, nikatikisa. Baba akanawia miguu kwa hiyo chupa miezi mitatu, akaniombea baraka mbele ya kanisa zima. Amekwenda kaburini na uongo wangu miguuni.

Na kwa miaka ishirini baada ya hapo nikawachorea watoto wa watu bahari ubaoni. Wakiniuliza, "Mwalimu, umeiona?" nasema ndiyo, kubwa sana. Sikuwa na neno lingine. Uliponiuliza mbona sikuwasimulia harufu, nilikaa kwenye benchi la stendi nikashindwa kuinuka.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili, nimeifunga. Usiifungue. Mpe baba mdogo Abrahamu, ndiye mkubwa wao, aisome mbele ya wote. Walitaka barua ya kuomba radhi. Nimewaletea, ila ni ya kwangu.

Hezekia


Ramadhani, Njombe,
15 Julai 2024

Kaka yangu,

Kamwene, tena kamwene. Kunywa hayo majani na umsikilize wifi. Nakuandikia habari zote za kikao ili uziweke kwenye faili kwa wino mweusi.

Walikuja kumi na mmoja. Stanley alivaa koti la suti. Alikuwa na vipimo vya kaunta kwenye karatasi na picha zangu kazichapisha rangi, kubwa. Ile ya baharini imetoka vizuri sana, nimeichukua.

Baba mdogo Abrahamu akavaa miwani akasoma karatasi yako, taratibu, neno kwa neno. Alipofika pale ulipoandika, "Nilimhukumu dada yangu nikiwa nimesimama mahali ambapo sijawahi kusimama," akavua miwani akaifuta, akaivaa tena. Alipofika kwenye chumvi, kila mtu akasogeza kiti mbele. Na pale mwishoni: "Chumba hakuwahi kupewa kwa sababu ni mtu wa kutulia. Nilikosea kusema hivyo. Ni chake kwa sababu ni mtoto wa nyumba ile." Hapo mimi nililia, kaka, sikuficha.

Baba mdogo Elius akasema, sawa, ya Hezekia ni ya Hezekia, lakini huyu dada naye aombe radhi yaishe. Abrahamu akanigeukia. "Eveline, unaomba?" Nikasema, "Hapana, baba." Akauliza tena. Nikasema, "Hapana. Na nikipata nafasi nitakwenda tena."

Abrahamu akamuuliza Stanley, "Wewe Dar umefika mara ngapi?" Stanley akajinyoosha, "Mara tatu, baba." "Kutafuta nini?" "Mara mbili spea. Mara moja… mpira." "Uliomba ruhusa kwa nani?" Stanley akatazama vipimo vyake vya kaunta. Abrahamu akakunja barua yako, akasema, "Chumba kinabaki. Leteni chakula."

Sasa ya mama. Nilidhani atakasirika. Alikuwa amekaa na shuka lake, akanyoosha mkono akasema nichukue kalamu, nikuandikie maneno yake kama yalivyo. Haya:

"Hezekia, baba yako alijua. Siku ile ile. Alikaa Tanga miaka minne, ladha ya bahari alikuwa nayo mdomoni. Alionja chupa yako, akaniambia, mama Hezekia, haya ni maji ya bomba. Nikamwambia tumwite tumuulize. Akakataa. Akasema, mtoto amesafiri siku mbili na chupa ya chumvi kwa ajili ya miguu yangu, kunipenda ndiko huko, unataka nini tena? Na maji ya chumvi ya moto yalimsaidia, miguu ilipungua. Mimi sikuwahi kuyaonja mpaka Eveline alipoleta ya kweli. Nilicheka kwa sababu baba yako alisema kweli. Njoo ule ugali. Acha upumbavu."

Nimeandika kama alivyosema, hata hilo neno la mwisho.

Na sasa, kwa kuwa chumba ni changu na hakuna wa kuniokoa kutoka popote, nakwambia kile cha ghorofani. Nilikuwa dirishani natazama meli, nikasikia mtu anapiga chafya mfululizo. Nikageuka. Dada wa mapokezi wa ofisi moja ya humo, anaitwa Oktavia, amejifunika kitenge mabegani, meno yanagongana. Kiyoyozi, kaka! Kule chini watu wanakufa kwa joto, kule juu ni Njombe ya mwezi wa saba. Akanitazama kiunoni akaniuliza, "Dada, hilo sweta unaliuza?" Nikalifungua nikamvalisha. Wenzake wakatoka vyumbani, kila mmoja na shuka lake la kujitanda kama wagonjwa wodini. Wakaagiza masweta arobaini na mawili, rangi ya bluu iliyoiva. Zile nyuzi za bluu alizoziona Stanley chumbani kwangu akadhani ni za shule, ndizo hizo.

Oda hiyo nilikuwa nayo mfukoni tangu tarehe 15 Mei. Ungeisoma kikaoni wangenipigia makofi. Lakini wangesema, kumbe alikuwa kazini! Na binti yangu Ema akienda siku moja akarudi bila oda ya mtu, wangemfanyaje? Nilitaka ile siku iachwe ilivyokuwa. Ningerudi mikono mitupu ingekuwa siku yangu vilevile.

Ugali unapoa.

Eveline


Makambako,
9 Agosti 2024

Eveline,

Kamwene. Nimerudi salama kutoka kwenu. Mama amenipakia viazi mpaka mgongo umelalamika, na tangu siku ile hajanitania tena kuhusu chumvi zaidi ya mara nne.

Nakuuliza jambo moja, na unijibu kama mwanafunzi, bila madoido. Hayo maji yakishaondoka, yanarudi yenyewe siku hiyo hiyo, mtu akayaona kwa macho? Au yanachukua muda?

Hezekia


Ramadhani, Njombe,
20 Septemba 2024

Kaka Hezekia,

Kamwene. Mama hajambo, jogoo amechinjwa, amani imerejea. Ema amefunga shule kwa muda mfupi ananisaidia kushona vifungo. Baba mdogo Elius ameagiza sweta. Amejipima mwenyewe kwa ile futi kamba.

Swali lako sikulijibu kwa makusudi.

Masweta ishirini nilishayatuma mwezi uliopita. Haya ishirini na mawili yaliyobaki yanatakiwa yafike mikononi mwa Oktavia, kila mtu ajaribu lake, na atakayebanwa kwapani aandikwe ni wapi, nirekebishe. Mimi siwezi kutoka, shule mbili zinanisubiri. Nahitaji mtu mzima, anayeandika vizuri, asiyepoteza karatasi. Kazi ni ya siku moja. Jengo lilelile, ghorofa ya kumi na mbili. Tiketi ya kwenda nimekukatia, ni ya tarehe 30. Ya kurudi sijakata. Utaikata mwenyewe utakapoona inafaa.

Suruali yako nzuri iache nyumbani. Chukua inayokunjika.

Eveline


Kigamboni, Dar es Salaam,
Alhamisi, 3 Oktoba 2024

Dada Eveline,

Kamwene. Naandika nikiwa nimekaa mchangani, kwa hiyo usahihishe mwandiko kwa huruma. Afya yangu ni njema. Nimeliwa na jua masikioni.

Masweta yalifika. Kumi na tisa yamewakaa sawa, matatu yanabana, vipimo nimeviandika kwenye karatasi nyingine. Oktavia anakusalimu sana na hapigi chafya tena. Kazi ilikwisha jana saa saba mchana. Nilikwenda kituo cha mabasi kukata tiketi ya leo, nikafika dirishani, karani akaniuliza, "Mzee, leo au kesho?" Nikasema kesho kutwa. Nilikuwa sijapanga. Mdomo umesema wenyewe.

Nimefika hapa tangu asubuhi. Nimekunja suruali. Mama muuza mihogo, yule Stella, bado yupo, jino ameling'oa. Nimempa simu anipige picha, na nimemwambia Stanley mwenyewe kwa ujumbe azitafute, aje azichapishe, kubwa.

Nimeonja. Mama ana haki ya kutema.

Saa tatu na nusu maji yalianza kuondoka. Nimekaa nikayatazama yakienda mpaka yakawa mbali, na vile vikaa vyako nimeviona, na nimepiga kelele, ndiyo, mimi, mwalimu mstaafu, watu wakageuka. Hiyo harufu nimeijua sasa. Sina neno lake. Darasani ningeshindwa vilevile, lakini ningesimama kimya na watoto wangejua kwamba nimefika.

Chupa nimenunua. Sijaijaza. Nangoja yarudi, niyajaze yakiwa yanakuja, maana nataka nikayamwage kaburini kwa baba, miguuni, yeye mwenye kujua ladha.

Sasa ni saa tisa na dakika arobaini. Yamegeuka. Yanakuja, Eveline, nayaona.

Stanley, Elius au yeyote wa ukoo akiuliza mwalimu Hezekia amebaki Dar kwa sababu gani, usinitetee. Waambie amebaki kutazama.

Kaka yako,
Hezekia
Nakala: Faili. Iwekwe juu kabisa.